Hasira Iliyopitia Jikoni

Nilikwenda sokoni kununua ndimu, nikarudi na hukumu tatu.

Kache, muuza ndimu, alisema mjukuu wangu anyongwe. Jirani yake wa samaki akasema aachiliwe, kwani marehemu alijitafutia mwenyewe. Na kijana wa tuktuk aliyenirudisha nyumbani akakata shauri kwamba nifungwe mimi, kwa kuanika mambo ya ukoo gazetini.

"Nakusoma kila wiki, Bi Tima," akaniambia, "lakini hufai."

"Marahaba," nikamjibu. Hakuwa ameniamkia, ila nilimwitikia hivyohivyo.

Kwa uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungiwa mahamri, kisa chenyewe ni hiki. Mjukuu wangu Habib, mtoto wa mwanangu, yuko rumande kwa kumuua Mahmood, mtoto wa ndugu yangu. Damu zote mbili ni zangu. Ilikuwa adhuhuri, arusi ya Sumeiya binti Mahmood. Wanaume walikaa mkekani uani wakitegeana vitendawili huku wakingoja pilau. Mahmood akamtegea Habib, kikamshinda. Pakapita maneno, pakapita kicheko. Kisha Habib akaonekana akitoka jikoni na mchi wa kinu, akampiga Mahmood pigo moja la kichwa. Waliokuja arusini wakakaa matanga kwa nguo zilezile.

Serikali yasema ameua kwa kukusudia. Wakili wetu asema hasira zilimpanda zikamshinda. Na mimi wiki iliyopita niliapa mbele yenu kwamba sitasimama kutoa ushahidi.

Basi nimesimama. Nyinyi mkiniamini mnapoapiwa na bibi mwenye hasira, kosa ni lenu.

Wakili wetu aitwa Waruguru. Ni binti wa bara, mwembamba kama sindano ya cherehani, na Kiswahili chake hukanyaga kila kitu njiani. Lakini alipokuja kwangu alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda kwa hilo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Bibi, hii maneno ya Mahmood ndiyo kesi yote."

"Maneno huwa haya, si hii. Endelea."

Akaendelea. Akanieleza kuwa sheria ina huruma yake kidogo. Mtu akitendewa ubaya, au akitusiwa tusi la kumtoa mtu akilini, akashindwa kujizuia, akaua palepale kabla damu haijapoa, kosa lake hushuka daraja. Haliitwi tena kuua kwa kukusudia. Lile la kukusudia mwisho wake ni kitanzi, au kuzeekea gerezani mpaka askari waliokupokea wastaafu. Hili la pili mtu hufungwa, na siku moja hutoka na meno yake.

"Kumbe hasira ni kama mandazi," nikamwambia. "Zikipoa hazinunuliwi."

Akafikiri. "Karibu hivyo, bibi."

"Na nani apimaye moto wake?"

"Jaji. Anajiuliza, mtu wa kawaida akiambiwa hivyo angeshikwa na hasira?"

"Ndiye nani huyo?"

"Mtu wa kawaida tu, bibi. Wa jamii ya mshtakiwa. Sheria inasema wa jamii yake, si wa kwingine."

Mimi nimezaliwa Malindi, nimeolewa Malindi, nimezika Malindi. Wendawazimu wake nawajua, matajiri wake nawajua, na wale wanaojipachika usharifu nawajua kwa majina ya babu zao wa kweli. Huyo mtu wa kawaida sijapata kumwona. Angekuwapo ningemwoza mjukuu wangu wa kike zamani.

"Basi wewe ndiyo utamleta mahakamani," Waruguru akasema. "Jaji hajui mambo ya mji. Hata mimi sijui. Uje utueleze kwa nini 'nipe mji wenu' ni tusi."

Ewe msomaji ambaye hukulelewa na bibi, nisikilize. Kitendawili kikikushinda, hudaiwa mji. Wataja mji wowote, Lamu, Mombasa, hata Makka ukipenda. Mtegaji huupokea, husema alikwenda huko akakaribishwa akala akashiba, kisha ndipo hutoa jibu. Hakuna aulizaye hati. Hata kitoto kisicho na kaptura hutoa Misri nzima na Wamisri hawaji juu.

Siku ile Mahmood alitega hivi: analima shamba zima, na shamba si lake.

Habib akasema, "Trekta."

Watu wakacheka. Akasema ng'ombe. Si ng'ombe.

"Nipe mji," Mahmood akasema.

"Nakupa Malindi."

"Malindi ina wenyewe. Nipe mji wenu."

Hapo mkeka mzima ukaangua kicheko, na Habib pia akacheka. Jibu la kitendawili lilikuwa jembe.

"Shida yetu ni jikoni," Waruguru akaniambia. Chengo, aliyekuwa akipika pilau uani, alikuwa amekwisha kutoa ushahidi wake upande wa serikali. Alimwona Habib akiingia jikoni mikono mitupu, akitabasamu. Akamwona akitoka na mchi. Wakili wa serikali akaifurahia picha hiyo kama mtu aliyeokota pete. Hasira zinazopitia jikoni kuchagua silaha, akasema, si hasira. Ni mpango.

"Bibi, jikoni ulikuwa wewe na yeye tu. Kulitokea nini?"

"Alinitwangia thomu ya pilau."

"Alisema kitu?"

"Vijana husema mengi."

Waruguru alinitazama kwa muda. Kiswahili chake ni kibovu, macho yake ni mazima.

"Mimi sitakuuliza mambo ya jikoni," akasema. "Jibu tu ile utaulizwa."

"Na yule wa serikali akiniuliza?"

"Akikuuliza, sema kweli."

Alivyolitamka neno hilo nilijua anaomba Mungu nisiulizwe.

Siku ya pili yake akaja Raiya.

Raiya ni wifi yangu, mjane wa ndugu yangu, mamake Mahmood. Milango yetu yatazamana, na tangu matanga kila mmoja alikuwa akichungulia kwanza ndipo atoke, tusikutane kwenye kichochoro. Siku hiyo hakuchungulia. Aliingia, akasimama katikati ya ukumbi, hataki kiti.

"Nasikia utasimama."

"Nimeitwa."

"Useme nini?"

"Nitakaloulizwa."

"Tima, mwanangu alikuwa akitania. Kitendawili ni mchezo."

"Mchezo gani huo, wifi, mmoja yu kaburini na mwingine yu jela? Hata ng'ombe wakicheza hawafiki huko."

Nilijuta neno halijamaliza kutoka. Mama aliyezika hachomwi. Raiya akakitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Nimeshauzika mwili," akasema. "Jina lake bado liko juu. Ukienda kusema Mahmood alimtusi mtoto wa watu siku ya arusi ya bintiye, utakuwa umenizikia la pili."

Nikakisogeza kikombe dirishani, kisha nikakirudisha.

"Na neno lile usilifunue mbele ya watu wa bara. Watatuandika. Watasema Waswahili bado wawaita wenzao watwana."

"Kwani hatuwaiti?"

"Hatusemi."

"Kweli. Hatusemi. Twategea."

Nimpe haki yake, Raiya hakukana. Alikunja pembe ya leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Nyinyi mnaopita Malindi kwenda ufuoni hamjui, basi niwaambie. Wazee wangu walikuwa wenye mji, na mashamba yao yalikwenda mpaka macho yakachoka. Wazee wa marehemu mume wangu, Farjallah, waliletwa kuyalima, na hawakuletwa kwa kuombwa. Mmoja wao alitoroka akakimbilia Rabai, kwa wamisheni, akakaa huko mpaka utumwa ulipopigwa marufuku. Hayo yamepita. Mashamba nayo yamepita, tumeyauza kipande kipande kwa Wataliana, wakajenga majumba ya makuti yanayofungwa miezi minane kwa mwaka. Sisi wenye mji leo twapanga. Paa la Raiya lavuja na langu lavuja. Lakini muulize yeyote wa ukoo wetu, atakwambia mji una wenyewe, huku akisogeza ndoo chini ya tone.

"Uliolewa na Farjallah na hakuna aliyekukataza," Raiya akasema akisimama.

"Hakuna aliyekuja arusini, pia."

Akaondoka bila kuaga. Mlangoni akageuka, akaniambia kikombe kile cha bluu dirishani ni chake, na nikimaliza kazi nacho nimrudishie. Wifi ni wifi.

Sasa nawaambia ya jikoni. Sikumwambia wakili, sikumwambia Raiya, na nyinyi nimewazungusha wiki tano nzima, ingawa nimeshawaambia mambo ya nyonga yangu ambayo hata daktari hajui.

Siku ile vidole vyangu vilikuwa vimevimba, kinu kimenishinda. Nikachungulia dirishani nikamwona Habib mkekani anacheka na wenzake. Nikamwita mimi.

"Habib, njoo unitwangie."

Akaja. Mchi nilimpa mimi, mkononi mwake, kwa mkono wangu huu. Akaanza kutwanga huku mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Bibi, leo nimeaibika. Jibu ni jembe, mimi nasema trekta."

"Trekta?"

"Ndiyo. Kisha nikampa ami Mahmood Malindi, akaikataa. Eti ina wenyewe, eti nipe mji wenu. Watu wakavunjika mbavu. Hata mimi."

Akatwanga. Thomu ikarukaruka, akaisukuma ndani kwa kidole, akatwanga tena. Kisha akaniuliza, kama mtu aulizaye chumvi iko wapi:

"Hivi, bibi, mji wetu ni upi?"

Bibi mwenye akili angemwambia twanga mwanangu, watu wana njaa. Mimi nilimfikiria Farjallah, aliyesali msikiti mmoja na ndugu zangu umri wake wote, wala hakuna aliyemwita shemeji. Walimwita yule. Yule hajambo? Yule amekula? Siku aliyokufa waliuliza yule azikwe wapi.

Basi nikamwambia.

"Hukutaniwa, mwanangu. Wazee wa babu yako waliletwa kulima mashamba ya wazee wangu. Jembe ni nyinyi. Mtwana hana mji wa kumpa mtu, kwani yeye mwenyewe alikuwa wa kutolewa kama kuku. Ndilo walilokuwa wakilicheka pale. Na wewe ukawasaidia kucheka."

Yale maneno ya mwisho hayakuwa na kazi. Yalikuwa matamu mdomoni, ndiyo yakatoka.

Mchi ukanyamaza. Habib akanigeuzia mgongo. Alitoka, na mchi ukatoka naye. Nilidhani ameusahau mkononi, na hata leo ndivyo nidhanivyo. Nikainama kukusanya thomu. Nilipoinuka, uani watu hawakuwa wakicheka tena.

Mahakamani niliapishwa kwa msahafu. Karani alikuwa binti aitwaye Emily, kazi yake kuyachukua maneno yangu na kuyatia Kiingereza ili Jaji ayaandike. Jaji mwenyewe Kiswahili alikijua, lakini kesi kubwa haipendi kuandikwa kwa lugha ambayo kila mtu ameielewa. Habib alikuwa kizimbani, amekonda, shati limemzidi. Alipotakiwa kujitetea alichagua kunyamaza, ndiyo haki yake kisheria. Kwa hivyo utetezi wote ulikuwa ni mimi na vidole vyangu.

Waruguru akaanza vizuri.

"Bibi, mtu akiambiwa 'nipe mji wenu', ni mbaya?"

"Yategemea ni nani ameambiwa."

Emily akatafsiri. Nikasikia mji ukitoka mdomoni mwake kwa Kiingereza, umekuwa mji wa stendi na mabati. Nikamgusa mkono.

"La, binti yangu. Mji si majumba peke yake. Mji ni kwenu, na ni ukoo wako. Hata mahali mtoto anapokaa tumboni mwa mamake huitwa mji. Mtu asiye na mji hakutoka popote. Alichumwa tu."

Emily akalitia hilo Kiingereza. Jaji akaacha kuandika, akanitazama, kisha akaandika kwa muda mrefu.

"Na mtu wa kawaida wa jamii yenu," Waruguru akauliza, "akiambiwa hivyo mbele ya watu, atafanya nini?"

"Wengi hucheka," nikasema. "Kununa ni kukubali kwamba limekupata. Humezwa. Siku moja hutokea mtu ambaye koo limejaa."

Waruguru akakaa, uso umemnawiri. Akasimama Musyoka, wakili wa serikali. Mtu mkubwa, mpole, sauti ya mwalimu wa dini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mimi kwetu ni Machakos. Mtu akiniambia 'nipe mji wenu', nitamwambia Machakos. Nimetusiwa?"

"Hukutusiwa. Wewe una Machakos."

Watu wakacheka. Jaji akawatazama, wakaacha.

Musyoka hakucheka wala hakukasirika. Mtu wa namna hiyo muogope.

"Mshtakiwa alipoambiwa maneno yale alicheka, sivyo?"

"Alicheka."

"Alikuwa amekasirika?"

Nikamtazama Waruguru. Waruguru akatazama meza.

"La. Hakuwa amekasirika."

"Akaenda jikoni kutafuta silaha."

"Hakwenda kutafuta. Nilimwita mimi anitwangie thomu. Mchi nilimpa mimi."

Musyoka akasita. Ule mpango wake wa mtu aliyekwenda kuchagua silaha ulikuwa umemwagika sakafuni, na kila mtu aliuona. Waruguru akainua kichwa. Wallahi nilijiona mtu. Nilijiona nimewashinda watu wenye majoho kwa kinu na mchi, nikatamani Kache wa ndimu angekuwapo.

Musyoka akageuza ukurasa wake taratibu.

"Nisaidie basi, bibi. Mkekani hakuwa na hasira. Jikoni aliingia akitabasamu. Mchi alipewa wa kutwangia. Akatoka akaua mtu. Hasira alizitoa wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Bibi mzee husamehewa sijui nyingi. Raiya alikuwa amekaa mstari wa mbele na Sumeiya ubavuni mwake, mkono wa bibi arusi bado na chembe za hina kwenye kucha. Habib akanitikisia kichwa, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Nikajua ananiambia nyamaza.

Lakini nikipiga hesabu zangu za darasa la saba, nikinyamaza, hasira hazina pa kutoka na mtoto ananyongwa. Nikisema, hasira zilikuwa za motomoto, zimetoka jikoni palepale.

Nikasema. Nikasema yote, na jembe, na kuku, na yale maneno ya mwisho. Emily aliyatafsiri moja moja, na kwa Kiingereza yalichukua muda mrefu kuliko yalivyochukua jikoni.

Jaji akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, "Bibi, unasema mshtakiwa hakuelewa maneno yale mpaka ulipomweleza?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na baada ya kumweleza, alikaa?"

"Hakukaa. Thomu haikuwa imelainika."

Waruguru alikuwa akiandika mbio, anakaribia kutabasamu. Tusi limeeleweka, hasira zimepanda, pigo limefuata, hakuna lililopoa. Hata mimi wa darasa la saba niliiona njia ya mtoto kutoka na meno yake.

"Asante, bibi," Musyoka akasema kwa upole. "Swali la mwisho. Marehemu alisema 'nipe mji wenu', na mshtakiwa akacheka. Wewe ukamwambia yeye ni jembe, ni mtwana, ni kuku, na kwamba amesaidia watu kumcheka. Ndipo akapoteza akili. Kwa hivyo aliyemtusi si marehemu. Ni wewe."

Waruguru akasimama kupinga. Jaji akamwashiria akae.

"Mimi sikumtusi," nikasema. "Nilifasiri tu. Kama huyu Emily."

"Emily akifasiri, bibi, haongezi lake."

Nimetega vitendawili tangu sijang'oa jino. Hicho kilinishinda.

"Sheria," Musyoka akamwambia Jaji, "inampunguzia mtu kosa akimpiga aliyemchokoza. Mahmood aliuawa kwa maneno ya mtu mwingine. Hapo hakuna cha kupunguza."

Mstari wa mbele Raiya akafunika uso kwa leso. Sikujua kama analia au ananificha macho yake, na nilimjua tangu tukiwa wasichana.

"Mheshimiwa."

Sauti ilitoka kizimbani. Habib alikuwa amesimama.

"Habib, kaa," Waruguru akasema.

"Bibi hakunifasiria kitu. Nilikuwa najua."

"Kaa, tafadhali. Mheshimiwa, naomba nizungumze na mteja wangu."

Jaji akamwambia Habib kwamba alichagua kunyamaza, na akisema sasa, asemalo litaandikwa. Aseme akijua hivyo. Habib akaitikia kwa kichwa, akashika ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

"Nilijua tangu nasoma Kurani chuoni kwa mwalimu. Watoto waliniita mtwana kabla sijajua kusoma alifu. Pale mkekani nilielewa vizuri. Nilicheka kwa sababu nimezoea kucheka."

Waruguru akaweka kalamu chini. Nami nikaelewa, polepole kama mtu anayeamka. Kama alijua tangu mkekani, basi aliingia kwangu na tusi lake moyoni, akakaa nalo, akatwanga nalo, likapoa au halikupoa. Musyoka hakuwa na haja ya kuuliza tena. Alikuwa amekaa, mikono tumboni, kama mgeni aliyeletewa chakula asichokiagiza.

Mtoto alikuwa akinitoa mimi, akijitia yeye.

"Anasema uongo," nikamwambia Jaji. "Aniokoa mimi. Aliniuliza, Mheshimiwa. Aliniuliza mji wetu ni upi. Mtu ajuaye haulizi."

"Nilimuuliza," Habib akasema. Hakuwa akimwambia Jaji tena. "Nilitaka unidanganye, bibi. Wewe umezaliwa kwao. Nilitaka wewe useme Malindi, hata kama si kweli. Ungesema hivyo ningemaliza thomu yako, nikarudi kula."

Sumeiya akatoa sauti, si neno. Raiya akateremsha leso.

Jaji hakumkemea Habib. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la joho, akaivaa. Kisha akanigeukia mimi.

"Bibi, umeapa kwa kitabu chako. Mshtakiwa anasema alijua. Wewe unasema hakujua. Wewe ndiye uliyekuwa mbele yake. Alipokuuliza swali lile, uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua, au wa mtu anayejua?"

Waruguru ananitazama. Musyoka ananitazama. Habib ananitikisia kichwa tena, na safari hii si kidogo.

Na mimi, mbele ya msahafu, nikakumbuka kwamba alipoliuliza lile swali sikumtazama usoni. Nilikuwa nikitazama kinu.

Emily alikuwa amekwisha kufungua mdomo, tayari kulitia Kiingereza jibu ambalo sikuwa nalo.